Mwendo wa Kaka

Machi 11

Mvua imeanza leo mchana, nami nimeanza kuandika. Mambo haya mawili hayahusiani sana. Ni kwamba mvua ikinyesha wateja hawaji, na mikono yangu haijui kukaa bure.

Kaka yangu alifariki mwezi wa kumi na mbili. Nyumbani tumebaki wanawake watatu. Kuna Mama, ambaye macho yake siku hizi yanatofautisha mwanga na giza, basi. Kuna Wifi, mke wa Kaka, mwenye mimba ambayo sasa hata jirani mwenye haya anaiulizia. Halafu kuna mimi, fundi cherehani, niliyerudi kwa Mama baada ya ndoa kunishinda. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Nyuma, upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Mama, kuna karakana ya Kaka, na ndani ya karakana iko mashine yake.

Ni mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta. Mchana Kaka alikuwa karani wa bohari. Jioni alikuwa anaiunda hiyo, kipande kwa kipande, mpaka ikawa kubwa kama meza ya kulia chakula. Mota moja inaupeleka mkono wake kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, ya tatu inaushusha na kuupandisha. Mwisho wa mkono kuna kisu kinachozunguka. Ukiichorea ndege kwenye kompyuta, inakuchongea ndege kwenye ubao. Mimi alinifundisha kuiwasha na kuipa kazi, kwa sababu nilikuwa namsumbua anikatie ruwaza za kola.

Juu yake kuna bao la kichwani la kitanda cha mtoto. Ndege wanaruka kutoka kona hadi kona, na wa mwisho ana bawa moja. Karibu naye kuna mfuo mrefu wa kina, umelikata bao kama mtu aliyeburuza kisu kwa hasira. Kaka alisema mashine ilichanganyikiwa tu. Hakuchonga tena baada ya hapo.

Wifi atajifungua mvua zikiisha. Seremala wa mtaa wa pili alijitolea kuleta kitanda kilicho tayari, Wifi akamshukuru na kumkatalia. "Namtaka alale humo siku ya kwanza," alisema. Kitanda hicho kimebakiza bawa moja, bao la miguuni na mbavu mbili. Hakuna wa kukimalizia ila mimi.

Machi 12

Mvua. Nimefagia karakana. Kofia yake bado iko kwenye msumari, na mashati mawili nyuma ya mlango. Yote hayana vifungo, ya kuvaa kwa kichwa. Mwaka wake wa mwisho aliniomba nimshonee ya namna hiyo tu. Nilimwambia fasheni hiyo ni ya watoto wa chekechea, akacheka, akasema basi na yeye ni chekechea. Nimeyaacha palepale.

Mashine nimeitia mafuta ya cherehani kila mahali, reli na magurudumu na mikanda, kama inavyostahili mashine yoyote yenye heshima.

Machi 13

Mvua. Umeme hakuna.

Machi 15

Leo nimeiwasha. Nimekaa kwenye kiti chake, nimeweka kidole karibu na kitufe chekundu cha kuisimamisha, ambacho sijui kwa nini amekifunga chini ya mkono wa kiti, kimejificha kama ubani wa kutafuna wa mtoto wa shule chini ya dawati. Nimeipa kazi ya lile bawa.

Sauti yake nilikuwa nimeisahau. Mota zile haziungurumi, zinaimba. Kwa mwendo aliouacha Kaka zinaimba chini sana, sauti ya mwanamume anayevumisha wimbo na midomo imefungwa. Inapanda kidogo, inashuka, inanyamaza kwenye kona, inaanza tena. Alikuwa anafanya kazi hivyohivyo, akivumisha. Nywele zimenisimama, na sioni aibu kuliandika hilo.

Nikasikia kiti cha Mama kinaburutwa upande wa pili, mpaka ukutani. Halafu sauti yake ikaja ndani ya tofali: "Usijichoshe, mwanangu."

Sijui alikuwa anamwambia nani.

Bawa lilikuwa nusu nilipomwona Wifi mlangoni, amesimama kwenye mvua, hata kitambaa kichwani hana.

"Wifi, izime."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Izime kwanza."

Nikaizima. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Akasema, "Nilikuwa nimelala. Nikasikia yuko kazini. Nikasema moyoni, ngoja nimpelekee chai." Akatazama nyuma, upande wa jikoni. "Nimeshaweka sufuria jikoni, wifi. Maji yanachemka."

Nilimkumbatia, amelowa chapachapa. Kisha akaniambia anataka kitanda, tena anakitaka sana, ila sauti ile hawezi. "Ifanye iende namna nyingine. Ifanye iende haraka, imalize."

Kusema kweli hata bila ya kuniomba ningelazimika. Bawa moja limekula mchana mzima na halijaisha. Kwa mwendo huu, na umeme unaokatika kila wingu likikohoa, mtoto ataanza kutambaa bao la miguuni halijaguswa.

Machi 16

Nimemwambia Mama nitaongeza mwendo wa mashine. Ameweka kijiko chini. "Sauti yake utaibadilisha?" Nikasema ndiyo, lazima itabadilika. Chakula hakukimaliza.

Kwa hiyo mmoja hawezi kuisikia, mwingine hawezi kuikosa, na mimi niko katikati kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani.

Machi 19

Nimemwita Ghorofa. Ndiye aliyekuwa rafiki wa Kaka wa chanda na pete. Ni fundi wa lifti, ndiyo maana ya jina lake, na kila ulipomwuliza habari zake alikuwa anajibu "napanda na kushuka". Nilidhani atafurahi. Ameingia karakana akatazama kofia, akatazama kiti, akawa hajui aweke wapi mikono.

"Nataka iende kasi," nimemwambia. "Kwenye kompyuta naona namba ya kasi ya juu kabisa ni milimita mia tatu kwa dakika. Nani anaweka mia tatu? Hata mimi ninaandika haraka kuliko hiyo."

"Iache, dada. Mwache na mwendo wake."

"Mwache nani? Nazungumzia mashine."

"Mota zimechoka," akasema, bila kunitazama. Maneno yaleyale aliyokuwa ananijibu Kaka nikimwuliza mbona inakwenda polepole. Akaaga kabla chai haijapoa.

Nimeudhika. Wanaume na ujuzi wao, wanaukalia kama kuku na mayai. Basi nitajifunza mwenyewe.

Machi 22

Nimeweka elfu moja na mia tano badala ya mia tatu. Nilikuwa na busara ya kutumia kipande cha ubao cha kujaribia. Mashine imepiga kelele kama paka aliyekanyagwa, ikatetemeka, ikaenda, na ndege aliyetoka ana kichwa mahali pa mkia. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Halafu yakaendelea kutoka bila kicheko.

Machi 23

Mia nane. Imeanza vizuri, katikati ikapotea. Mistari yote ya baadaye imehama, kama kola iliyoshonwa upande.

Machi 25

Mia sita. Imepotea tena. Mvua haijakatika tangu juzi.

Machi 28

Nimeona jambo ambalo sikutaka kuliona. Kila inapopotea, inapotea mahali pamoja. Inakwenda vizuri upande wa dirisha, inakwenda vizuri katikati, ikifika mwisho wa reli, upande wa kiti chake, inasita. Mota inaguna. Mkono unasimama kidogo kama mtu aliyeshikwa kwenye kiwiko. Kisha unaendelea, lakini umeshapoteza njia, na yote yanayofuata yako kando.

Upande wa kiti tu. Nimejaribu mara nne. Sasa siketi humo tena, nasimama.

Machi 29

Sikuwasha. Nimeshona sare za shule.

Aprili 2

Mama ananiuliza kila siku kama "anafanya kazi leo". Si kwamba akili imemtoka. Alimzika mwanawe, udongo aliutia kwa mkono wake. Lakini anavuta kiti hadi ukutani, anakula ameegemea hapo, na mashine ikinyamaza anaacha kula. Jana nilimwambia, "Mama, ni mota tu." Akasema, "Najua ni mota. Na moyo nao ni nyama tu."

Wifi amevimba miguu. Anakaa chumbani kwake ng'ambo ya uwanja na mto umefunika masikio. Zamani nilikuwa namwona mwenye kujionyesha. Kaka alipokuwa hai, Wifi alikuwa anamkatia nyama kwenye sahani mbele za wageni, anamwekea kikombe mdomoni, watu wanatania kwamba hiyo ndiyo ndoa. Mimi nilikuwa natazama pembeni, labda kwa sababu kwangu hakuna aliyewahi kukatiwa hata mkate. Sasa namwona anashindwa kufunga viatu vyake mwenyewe, na hasemi neno. Nimeenda kumfungia.

Aprili 6

Mia tano. Imesita palepale.

Nimeongea naye. Nimesema kwa sauti, "Kaka, kama ni wewe, niachie." Kisha nikaogopa kwamba ataniachia.

Aprili 9

Mvua kubwa. Maji yamefika kizingiti. Umeme umekwenda siku nzima.

Aprili 14

Nimemfuata Ghorofa kazini. Nimemkuta amelala chali chini ya lifti ya jengo la ofisi, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaongea na miguu. Nikamwambia kila kitu: Wifi na sufuria, Mama na ukuta, mkono unaoshikwa upande wa kiti. Nikamwambia, "Kama hutaki kunisaidia kwa ajili yangu, nisaidie kwa ajili ya mtoto wake. Atalala wapi?"

Miguu ikajikunja, ikajinyoosha. Halafu ikasema, "Nitakuja Jumamosi."

Aprili 18, Jumamosi

Nitaandika yote ya leo hata mkono ukiniuma.

Ghorofa amefika na mkoba wa vifaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kupitisha kidole kwenye reli, upande wa kiti. Kimetoka na uji mweusi.

"Dada, hii ni nini?"

"Mafuta. Nimeitia mafuta."

"Ya wapi?"

"Ya cherehani. Yapo mengine?"

Amekaa sakafuni akacheka, akapiga goti, akacheka tena. Mashine hii, kumbe, magurudumu yake ni ya plastiki na inatakiwa iwe kavu. Mafuta yangu yameshika vumbi la mbao, yamekuwa ugoro, na ugoro umejaa mwisho wa reli, upande niliokuwa nimesimama na kopo. Hapo magurudumu yalikuwa yanakwama. Kwa mwendo wa polepole mota ilikuwa na nguvu ya kupita. Kwa kasi ilikuwa inashindwa, inaruka, inapoteza njia.

Kwa hiyo aliyeishika mashine kiwiko ni mimi. Nimecheka naye, lakini ndani kitu kimeniporomoka. Wiki tatu nilikuwa na Kaka upande ule, na kumbe nilikuwa na uji.

Tumesugua reli kwa spiriti mpaka ikang'aa. Akanieleza mambo mengine mawili. La kwanza, kisanduku kinacholisha mota umeme ni kidogo. Akitia chenye volti mara mbili, mota zitakuwa na nguvu hata kwenye kasi. Amekuja nacho, kimetoka kwenye lifti iliyostaafu. La pili, kuna namba nyingine ya kutazama, si ya kasi bali ya jinsi ya kuishika kasi. "Lifti haiondoki kama mbuzi aliyekatwa kamba," alisema. "Inaanza taratibu, inaongeza, inaongeza, ndiyo inakimbia. Ikisimama vilevile. Ukiondoka kwa pupa mota inateleza. Punguza pupa, ndipo upandishe kasi."

Yote hayo alikuwa anayajua Machi. Hilo nikaliweka akiba.

Nikamwambia, kabla hajaenda, anihamishie kile kitufe chekundu. Mimi nafanya kazi nimesimama, na kama mashine itakimbia nataka kitufe kiwe ukutani karibu na mlango, nikipige kwa kiganja. Nikaenda kumwonyesha mahali. Mahali pale palikuwa na mashimo mawili ya skrubu, yamezibwa kwa nta ya mshumaa.

"Kilikuwa hapa?" nikauliza.

Akageukia mkoba wake wa vifaa. Nikatazama upande wa meza ya mashine, usawa wa mtu aliyeketi. Mashimo mengine mawili, nta ileile. Na chini ya mkono wa kiti, kitufe chenyewe, mahali ambapo kidole gumba kinakifikia bila mkono kunyanyuka.

"Ghorofa. Nani alikihamisha?"

"Mimi," akasema. "Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa hakifikii."

Akakaa kwenye kile kiti, kwa mara ya kwanza, akanieleza. Kwanza vidole vilianza kuangusha vitu. Kisha mkono ukawa unachelewa. Akiuambia uende, unafika baadaye. Daktari alimwambia ugonjwa utapanda, kutoka mikononi hadi kifuani, na hauna dawa. Sisi tulijua ugonjwa wa kifua tu, ule wa mwisho. Mashine hii ikikosea njia, kisu kinakwenda popote, na unapewa kitambo kidogo tu cha kupiga kitufe. Kaka akaona mkono wake hauwahi. Akakileta kitufe karibu. Baada ya miezi mkono hauwahi tena, akapunguza kasi. Akakileta karibu zaidi, akapunguza tena. Alikuwa anaipa mashine mwendo ambao mkono wake ungeweza kuuwahi.

"Na mfuo?" Nilikuwa nimeweka kidole ndani ya bao la kichwani.

"Siku hiyo, hata kwa mia tatu, hakuwahi," Ghorofa akasema. "Aliniapisha, dada. Alisema Mama asijue, na Sindano asijue, maana Sindano akijua atalia juu ya vitambaa vya watu."

Sindano ni mimi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Nimemkasirikia Kaka kwa hasira ambayo sikuwahi kumkasirikia nayo akiwa hai. Nimemshonea mashati saba yasiyo na vifungo. Saba! Mikono yangu ilikuwa inashona ugonjwa wake na mimi natafuta rangi ya uzi.

Ghorofa alipoondoka nilivuka uwanja kwa Wifi. Sikubisha hodi.

"Ulijua," nikamwambia.

Alinitazama, akajua ninasema nini. "Nyama nilikuwa namkatia," akasema. "Kikombe nilikuwa nashika. Mlidhani ni nini?"

"Nilidhani unajionyesha."

"Hivyo ndivyo alivyotaka mdhani. Alikuwa ananiambia, mke wangu, wacha watucheke, kicheko hakinyooshei mtu kidole." Akashika tumbo. "Ile sauti ya polepole, wifi, kwenu ni sauti ya Kaka. Kwangu ni sauti ya mikono inayokufa. Niliisikia ikishuka kila mwezi na nilikuwa namwambia kazi nzuri."

Tumekaa kitandani bega kwa bega. Nimelia kwenye kitambaa cha mtu, kama alivyosema Kaka.

Aprili 19

Sasa swali lilikuwa Mama. Wifi akasema afadhali asijue. Nimekaa naye ukutani, nimeshika mkono wake, nikawa natafuta mlango wa kuingilia. Akanitangulia.

"Jana ulilia sana. Ghorofa amekwambia."

"Amenambia nini, Mama?"

"Habari ya mikono."

Akaendelea, ametazama mbele na macho yake yasiyoona: "Mwanzo ilikuwa inaimba juu. Nilikuwa nasema hii mashine itatutoboa masikio. Halafu ikashuka. Ikakaa. Ikashuka tena. Mimi sioni, lakini kiziwi si mimi. Na kikombe alikuwa anakiweka mezani kwa kishindo, mtoto aliyekuwa mpole na vyombo tangu mdogo. Kila sauti iliposhuka nilijua mikono imeshuka."

"Mbona hukumwambia?"

"Alitaka nisijue. Sikuwa na kingine cha kumpa, nikampa hicho."

Watu wazima wanne ndani ya siri moja, kila mmoja anamficha mwenzake, na mimi peke yangu nje kwenye cherehani, naimba. Nimekuwa nikiamini nyumba hii naijua hadi mshono wa ndani.

Baadaye Mama akauliza, "Ukiongeza mwendo, sauti itapanda?"

"Itapanda."

"Polepole?"

"Ghorofa anasema nipandishe kidogokidogo, nijaribu kila hatua."

Akafikiri. "Basi ipandishe," akasema. "Nataka nimsikie akipona."

Aprili 21

Bawa la mwisho limekamilika, kwa mia tano. Haikusita popote. Mfuo niliuliza kama niuzibe kwa unga wa mbao na gundi. Wifi amekataa. "Hapo ndipo alipofika," alisema.

Aprili 24

Mia saba. Bao la miguuni limeanza. Mama amepiga ukuta mara moja na fimbo yake. "Hapo ni kabla ya mkutano wa ukoo!" amepaza sauti. "Hapo bado alikuwa anabeba ndoo!"

Aprili 27

Umeme hakuna. Mvua.

Aprili 30

Elfu moja. Mota zimeacha kuvumisha, zinaimba wazi. Wifi ametoka chumbani bila mto masikioni, amevuka uwanja taratibu, akaketi kwenye kiti cha Kaka na miguu yake iliyovimba juu ya kopo. Kitufe kiko ukutani sasa, mashimo ya kati nimeyapita, nimekirudisha kwenye yale ya kwanza kabisa. Skrubu zimeingia kama zilikuwa zinasubiri.

"Wakati huu alikuwa anaangusha funguo tu," Wifi akasema. "Tulikuwa tunacheka."

Mei 5

Elfu moja na mia mbili. Ghorofa anasema hii ndiyo kasi waliyoiweka siku mashine ilipozaliwa, hawakuwahi kuzidi hapo kwa sababu ya kile kisanduku kidogo. Nimeiacha ikimbie. Sauti imejaa chumba, ya juu, safi, na nimemwona Kaka: si mzimu, sitii chumvi, nimemwona kwa kumbukumbu iliyo wazi kuliko ukuta huu. Amesimama mlangoni, kiganja juu ya kitufe chekundu, shati lina vifungo vyote, anamcheka kila mtu anayeziba masikio.

Wifi amesema, "Hii ndiyo sauti niliyoikuta nilipokuja kuolewa."

Upande wa pili wa ukuta nimemkuta Mama ameweka shavu kwenye tofali, anatabasamu, na uso wote umelowa.

Mei 6

Sote tumelala mpaka saa tatu asubuhi. Hata cherehani sikuigusa.

Mei 9

Tatizo. Mbavu mbili za kitanda ni ndefu, kila moja ina ndege wengi kuliko mabao yote. Mkunga amempima Wifi leo akasema mtoto ameshuka, tusihesabu mwezi mzima. Umeme unakuja kwa kudokoa. Kwa elfu moja na mia mbili hatutamaliza.

Ghorofa anasema mota zinaweza. Kisanduku kipya kina nguvu, reli ni kavu, pupa tumepunguza. Inaweza kwenda elfu mbili na zaidi.

Ni mimi nisiyeweza. Kila namba niliyopandisha mpaka sasa ilikuwa ya Kaka. Nilikuwa narudi nyuma kwenye nyayo zake. Kuanzia hapa hakuna nyayo. Nikipandisha tena, itaimba sauti ambayo yeye hakuwahi kuisikia, na Mama ataegemea ukuta na hatamkuta. Nimekaa mbele ya kompyuta, kidole kwenye kibodi, nikazima.

Mei 10

Nimemweleza Wifi ninachokiogopa. Amenisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wifi yangu, mimi nina mtoto wa kulaza."

Mei 11

Elfu mbili.

Nimesimama mlangoni, kiganja juu ya kitufe. Mkono wa mashine umeondoka taratibu, ukaongeza, ukakimbia, na sauti ikapanda, ikapita pale tulipokuwa tumezoea, ikaendelea kupanda. Haikuwa inavumisha. Haikuwa inaimba kama mtu yeyote ninayemjua. Vumbi la mbao lilikuwa linaruka na ndege walikuwa wanatokea mmoja baada ya mwingine, kila bawa mahali pake. Nilikuwa nasubiri ukuta.

Fimbo ikagonga.

"Huyu sasa simjui," Mama akasema. "Huyu nani?"

Nikapaza sauti ili nipite kelele za kisu. "Ni mimi, Mama!"

Ubavu wa kitanda ulikuwa unajaa ndege. Nikafikiri nitapiga kitufe, nirudishe namba, nimwombe radhi.

"Haya," akasema. "Endelea, mwanangu. Usijichoshe."

Safari hii nilijua anamwambia nani.

Mei 14

Ubavu wa kwanza umekwisha.

Mei 17

Ubavu wa pili umekwisha. Ghorofa na seremala wameunganisha. Seremala amepitisha mkono kwenye ndege wote, alipofika kwenye mfuo akafungua mdomo, Ghorofa akamkanyaga mguu.

Mei 19

Uchungu umeanza alfajiri. Naandika nikisubiri. Mvua imepungua, inadondoka tu kwenye mabati.

Mei 20

Msichana. Ana vidole virefu. Vimenishika kidole na havikuwa na haraka ya kuachia.

Mei 28

Jua la kwanza kamili. Nguo zote za nyumba ziko kwenye kamba.

Mtoto analala kwenye kitanda chake tangu siku ya kwanza. Kimewekwa chumbani kwa Mama, kwa amri ya Mama, na kiti cha Mama kimehama ukutani kimekuja kando yake. Nilifikiri basi, yamekwisha. Nilifikiri Kaka tumemaliza kumsikia, na kwa siku chache nilitembea na huzuni ya kumpoteza mara ya pili, nikijua aliyempita ni mimi.

Leo nimewasha mashine kuchonga kibao cha duka langu. Elfu mbili. Karakana ilikuwa tulivu, mlango wazi, ndiyo maana nimesikia. Mkono ukiondoka hauwezi kuwa na kasi yote papo hapo. Ghorofa alitaka uanze taratibu na kuongeza. Kwa hiyo mota zinaanzia chini kabisa. Zinavumisha, midomo imefungwa. Halafu zinapanda: mikono inayochelewa, ndoo, funguo, harusi, mpaka zinaingia kwenye sauti yangu na kukaa hapo. Yote kwa muda wa kupepesa jicho. Na mkono ukifika kona unapunguza, na anashuka tena, hatua kwa hatua, mpaka kimya. Halafu anaondoka upya.

Nimeurudia mstari uleule mara nyingi, ubao wote umeharibika. Kisha nikaingia kwa Mama kumwambia. Alikuwa anakunja nepi kwa kupapasa. Mashine nyuma yangu ilikuwa imeacha kona, inaondoka.

"Huyo hapo," Mama akasema, akaendelea kukunja.